Maneno ya Kwanza kwenye Cheti: Haki ya Kupimwa Upya Ulemavu Utokanao na Kazi Karagwe na Kyerwa

Katika mfumo wa fidia wa Tanzania Bara, jeraha la mfanyakazi hugeuzwa kuwa asilimia. Daktari hupima kilichopotea mwilini, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hutoa uamuzi juu ya kipimo hicho, na asilimia inayopatikana ndiyo inayoamua kama aliyeumia atalipwa mkupuo mmoja au pensheni ya kila mwezi. Kwa kuwa mwili haukomi kubadilika siku ya uamuzi, na kwa kuwa mpimaji anaweza kukosea, sheria inaacha mlango wa mapitio, yaani kuuangalia upya uamuzi uliokwisha kutolewa. Makala haya yanadai kwamba mlango huo hufunguka au hufungwa mapema mno, siku ya kwanza ya matibabu, pale maneno ya kwanza yanapoandikwa kwenye cheti cha matibabu, na kwamba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, wajibu wa kuyahifadhi maneno hayo umeachiwa mfanyakazi, ambaye hana uwezo wa kuutimiza.

Suala hili halikuwa na uzito wa namna hii zamani. Chini ya sheria ya fidia iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, malipo ya juu kabisa kwa ulemavu wa kudumu yalibaki shilingi 108,000 hata baada ya thamani ya fedha hiyo kuyeyuka, kiasi kwamba kudai asilimia chache zaidi kungegharimu nauli zaidi ya kile kinachodaiwa. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya mwaka 2008, iliufuta utaratibu huo na kuanzisha Mfuko unaochangiwa na waajiri peke yao, ambao ulianza kazi Julai 2015 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Sasa fao hufungamana na mshahara: anayepoteza uwezo wote wa kufanya kazi hulipwa asilimia 70 ya kipato chake cha mwezi, na aliyepoteza sehemu hulipwa kwa uwiano wa kiwango chake, ilimradi kiwango hicho kizidi asilimia 30. Mwenye kipato cha shilingi 300,000 aliyepimwa asilimia 40 hupata shilingi 84,000 kila mwezi. Aliyepimwa asilimia 30 au chini yake hulipwa mkupuo, na jambo linaishia hapo. Tofauti kati ya asilimia 29 na 32, ambayo kitabibu ni ndogo tu, kwa mfanyakazi ni tofauti kati ya fedha zitakazoisha kwa ada za shule za mwaka mmoja na fedha zitakazoingia kila mwezi.

Yafaa kutenganisha madai mawili ambayo kwa kawaida huchanganywa. La kwanza ni dai la kosa: mfanyakazi anasema kwamba kiwango kilikuwa pungufu tangu siku kilipotolewa, labda kwa sababu jeraha moja halikupimwa kabisa. La pili ni dai la mabadiliko: kiwango kilikuwa sahihi wakati ule, lakini kiungo kimekakamaa, mfupa umeunga vibaya au maumivu ya mgongo yameshuka hadi miguuni. Dai la kosa huhitaji karatasi za zamani, na dai la mabadiliko huhitaji za zamani pamoja na mpya, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha kwamba hali imezidi bila kuonyesha ilikotoka. Kwa vyovyote vile, mwenye dai hurudishwa kwenye maandishi ya siku za mwanzo, na hapo ndipo dai linapokwama.

Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipopewa hadhi yake mwaka 2012, huishi kwa kahawa, migomba na mifugo, na upande wa Kyerwa kwa madini ya bati yaliyochimbwa tangu wakati wa ukoloni. Ajira nyingi humo ni za kibarua: mchumaji hulipwa kwa debe, mpakiaji kwa gunia, mchimbaji kwa sehemu ya mawe yaliyotoka shimoni. Mkataba wa mdomo haumwondoi mtu katika hifadhi ya sheria, lakini unamwacha bila hati ya mshahara, na asilimia 70 ya kipato kisichoandikwa popote ni hesabu isiyo na pa kuanzia. Mara nyingi kumbukumbu pekee ni daftari la msimamizi, lenye majina ya utani na idadi ya madebe, ambalo msimu ukiisha hutumika kuwashia moto au hubaki nyumbani kwa mtu aliyehama.

Chukuliwe mkono wa mchumaji ulionaswa na mkanda wa mashine ya kukobolea kahawa. Jeraha limeshonwa, nyuzi zimetolewa, na kwenye cheti yameandikwa maneno mawili: "mkono umepona". Maneno hayo ni ya kweli kwa ngozi. Hayasemi kwamba kidole cha shahada hakikunjiki kupita nusu, kwamba gumba halikutani tena na kidole cha mwisho, wala kwamba ncha za vidole hazihisi tena. Mchumaji wa kahawa hufanya kazi kwa ncha hizo hizo, akichagua tunda jekundu na kuliacha la kijani kwenye tawi lile lile. Miaka mitatu baadaye, mkono huo ukiwa umekakamaa kabisa, daktari mwingine atapima pembe ya mkunjo kwa uangalifu wote, lakini hatakuwa na pembe ya kwanza ya kulinganisha. Mbele ya mwamuzi, cheti cha zamani kitasimama kama ushahidi kwamba wakati ule hapakuwa na ulemavu, na kwamba wa sasa umetokana na jambo jingine. Tabibu aliyeandika maneno yale hakuwa na nia mbaya, kwani aliandika kwa ajili ya tiba, bila kujua kwamba anaandika pia kwa ajili ya shauri.

Umbali nao huongeza ugumu. Hospitali ya Nyakahanga huko Karagwe na ya Isingiro huko Kyerwa hutibu majeruhi wengi, lakini anayehitaji bingwa wa mifupa huelekezwa Bukoba au Hospitali ya Bugando jijini Mwanza. Kutoka Murongo, mpakani na Uganda, safari ya Mwanza na kurudi humla mtu siku kadhaa, pamoja na msindikizaji ikiwa mguu ndio ulioumia. Kumtaka mtu agharamie mwenyewe ushahidi wa umaskini ulioletwa na jeraha lake ni kumnyima haki kwa njia ya nauli.

Wapo wanaosema kwamba mapitio yakirahisishwa, uamuzi wa Mfuko hautakuwa na mwisho na michango ya waajiri italiwa na madai yasiyo ya kweli. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaelekea kinyume na vile inavyodhaniwa. Kipimo cha kwanza kilichoandikwa kwa ukamilifu humzuia mdanganyifu kama kinavyomlinda mkweli, kwa kuwa tathmini upya inaweza kushusha kiwango kama inavyoweza kukipandisha. Wala mapitio si hisani mpya. Mkataba Na. 17 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1925, ambao Tanganyika iliuridhia mwaka 1962, ulikwisha kuzitaka sheria za nchi ziweke njia za kuyasimamia na kuyapitia malipo ya ajali kazini.

Kinachohitajika kinaweza kuanzia kwenye zahanati. Kila jeraha la kazini liandikwe kwa kipimo cha kiungo chenyewe, kwa kazi aliyokuwa akiifanya mgonjwa na kwa kile asichoweza kukifanya siku anapoondoka, na nakala ibaki kituoni, nyingine apewe mgonjwa. Pale mwajiri anaposhindwa kuonyesha kumbukumbu ya malipo, sheria au kanuni imtwishe yeye mzigo wa kuthibitisha, kwa kuwa ndiye aliyepaswa kuitunza, na kipato kikadiriwe kwa bei ya debe au gunia iliyokuwa ikilipwa kijijini msimu huo, jambo ambalo wachumaji kumi wa shamba lile lile wanaweza kulieleza bila daftari. Nao madaktari wa tathmini wapangiwe safari za kwenda Kayanga huko Karagwe na Rubwera huko Kyerwa baada ya mavuno, kabla vibarua waliotoka ng'ambo ya Mto Kagera hawajarudi kwao na mikono ambayo bado haijapimwa.