Udongo Mwekundu wa Kibera na Vumbi la Mwezini

Anayekandika nyumba Kibera huanza na udongo. Huuchimba, huumwagia maji, huukanyaga hadi ushikane, kisha huupiga kwenye fito na kuuacha ukauke. Vijiwe vinavyokwaruza mkono huvichambua na kuvitupa. Vijiwe vidogo namna hiyo, vilivyookotwa Mwezini, ndivyo vilivyowaonyesha wanasayansi jinsi Mwezi ulivyoanza.

Tuanze na vyetu. Magharibi ya Nairobi, zilipo Kibera na Kawangware, imekalia zaha iliyopoa. Bonde la Ufa lilipokuwa likifunguka, volkeno zilimwaga zaha na majivu mara kwa mara, tabaka juu ya tabaka. Trakiti ya Nairobi, moja ya tabaka hizo, ina umri wa zaidi ya miaka milioni 3, na fonoliti iliyo chini yake ni kongwe zaidi. Fonoliti ukiigonga kwa nyundo hulia, ndiyo maana Wagiriki wakaazimwa neno lao la sauti ili ipate jina. Tabaka nyingine wanajiolojia waliziita kwa majina ya hapa hapa: Mbagathi, Kirichwa. Halafu mvua ikafanya kazi yake. Iliozesha mwamba polepole, chuma kilichokuwa ndani kikashika kutu, na kutu hiyo ndiyo wekundu wa udongo unaong'ang'ania viatu Kawangware wakati wa masika.

Mwezini hakuna mvua. Mnamo Julai 1969 wanaanga wa Apollo 11 walirudi na kilo karibu 22 za mawe na vumbi la kijivu. Kilichousaga mwamba kule ni vimondo, vikubwa kwa vidogo, vilivyoupiga kwa mabilioni ya miaka, vikiponda hapa na kuyeyusha pale hata vumbi likajaa chembe za kioo. Ndani yake mlikuwa na vipande vyeusi vya basalti, yaani zaha halisi, yenye madini ya piroksini na plajioklezi, na titani kwa wingi. Umri wake ni kati ya miaka bilioni 3.6 na 3.9. Madini yenye maji hayakuonekana, na chembe za chuma zilikuwa tupu, bila kutu.

Lakini mwanasayansi John Wood na wenzake, huko Massachusetts, walishughulishwa na vipande vichache vyeupe. Vilikuwa anothositi, mwamba ambao karibu wote ni plajioklezi, na havikufanana kabisa na zaha ya pale vilipookotwa. Wood alisema vimerushwa na vimondo kutoka nyanda za juu za Mwezi, zile sehemu nyeupe tunazoziona usiku. Na kama nyanda zote hizo ni plajioklezi, basi Mwezi mchanga ulikuwa bahari ya mwamba ulioyeyuka, na madini hayo mepesi yakaelea juu kama utando wa maziwa yaliyochemka. Hoja hiyo aliiwasilisha Houston, Januari 1970, ikitegemea vijiwe vya milimita chache. Kwangu mimi, safari zote za Apollo hazikuzaa fikra kubwa kuliko hiyo.

Desemba 1972 rangi ikawadanganya wanasayansi. Harrison Schmitt wa Apollo 17, mwanajiolojia pekee wa fani aliyewahi kukanyaga Mwezi, aliona udongo wa rangi ya chungwa ukingoni mwa kreta ya Shorty. Wazo la kwanza lilikuwa lile ambalo mtu wa Kawangware angelifikiria: kutu, labda kutokana na mvuke wa volkeno iliyozimika karibuni. Maabara ikakataa. Zilikuwa shanga za kioo, ndogo kuliko chembe ya mchanga, matone ya zaha yaliyorushwa juu kama chemchemi ya moto na kuganda yakiwa angani, zaidi ya miaka bilioni 3.5 iliyopita. Rangi ilitokana na titani iliyomo ndani ya kioo.

Mwaka 2020 chombo cha China, Chang'e 5, kilileta gramu 1,731 nyingine za mawe na vumbi la Mwezini. Basalti yake ina miaka bilioni 2 tu, kwa hiyo Mwezi uliendelea kutoa zaha muda mrefu kuliko tulivyodhani.

Walimu wa Kibera na Kawangware, somo hili halihitaji roketi. Wapeni watoto nyundo, kioo cha kukuzia na vijiwe vilivyotupwa na mkandikaji, kisha waulizeni kila kimoja kimetoka wapi.