Waliojua njia za Mikeno

Ukitaja gorila wa Virunga mbele ya mgeni, majina matatu hutangulia. Carl Akeley, Mmarekani ambaye msafara wake uliwaua gorila watano mwaka 1921 kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York, kisha akageuka kuwa mtetezi wao mkubwa. George Schaller, aliyewachunguza miaka ya 1959 na 1960. Na Dian Fossey. Wote walipanda Mlima Mikeno, katika wilaya ya Rutshuru, Kongo, wakapiga kambi palepale kwenye uwanda wa Kabara. Akeley alifia huko Novemba 1926 na huko akazikwa. Wote pia walihitaji mwenyeji wa kuwaonyesha njia.

Mmoja wa wenyeji hao aliitwa Sanwekwe. Inasimuliwa kwamba utotoni alimfanyia Akeley kazi. Miaka ya 1960 alikuwa mlinzi wa parki inayowahifadhi gorila hao, na ndiye aliyewatafutia gorila Alan na Joan Root, wapiga picha kutoka Kenya. Fossey alipoanza utafiti wake Kabara mwanzoni mwa 1967, mwalimu wake wa kusoma msitu akawa huyohuyo.

Kusoma huko hakukuwa rahisi. Kisa kimoja cha mwanzoni, alipokuwa na Alan Root, yule aliyewahi kuongozwa na Sanwekwe, Fossey alikiandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1983. Alitangulia mbele akifuata majani yaliyokanyagwa, moyo umejaa. Baada ya dakika chache akageuka, Alan hayupo. Akarudi nyuma, akamkuta ameketi walipoachana, anamngoja wala hana haraka. Kwa adabu zote Alan akamweleza kwamba akiendelea na njia ile ataona kila mahali gorila walikotoka. Majani yanapolazwa na mnyama mzito, ncha zake huelekea alikokwenda. Bibi yule alikuwa akienda kinyume. Sijui mwalimu gani wa chuo kikuu angelisahihisha kosa hilo kwa upole kama ule.

Julai 1967 uasi ulizuka Kivu. Wanajeshi wakamshusha Fossey mlimani, akazuiliwa Rumangabo, penye makao ya parki, akatorokea Uganda. Septemba akafungua kambi ya Karisoke, Rwanda, na macho ya dunia yakahamia upande wa pili wa mpaka. Upande wa Kongo, kazi ilibaki kwa watu ambao hakuna aliyewatengenezea filamu.

Miongoni mwao, aliyestahili sanamu kwa maoni yangu ni Anicet Mburanumwe. Parki ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925 kwa jina la Mfalme Albert wa Ubelgiji, ya kwanza ya aina yake Afrika. Uhuru ulipofika mwaka 1960, Wabelgiji wengi waliondoka, naye akawa miongoni mwa wahifadhi wa kwanza Wakongomani. Ng'ombe walikuwa wakipandishwa hadi miteremko ya Mikeno, majangili wamejaa, serikali yenyewe inayumba. Walinzi waliendelea kupiga doria, na baadhi yao waliuawa. Jina la Virunga lilikuja baadaye, mwaka 1969. Bila watu hao huenda pasingebaki kitu cha kubatiza.

Ila historia ya Rutshuru haikuandikwa msituni tu. Mpaka uliochorwa na wakoloni mwaka 1910 uliiacha Bwisha, sehemu ya Rutshuru, ndani ya Kongo, pamoja na watu wake wanaosema Kinyarwanda. Wabelgiji wakaziunganisha himaya ndogondogo chini ya mwami (mtawala wa jadi) mmoja, na Mwami Daniel Ndeze akakalia kiti hicho kwa zaidi ya nusu karne. Cheo chenyewe kilikuwa kigumu: mkoloni juu, raia chini, na parki inapanuka mwaka 1929 na tena katikati ya miaka ya 1930 huku watu wakipoteza mashamba na malisho. Ugomvi huo wa ardhi haujaisha. Anayewasifu walinzi bila kuutaja anasimulia nusu ya habari.

Walinzi zaidi ya 200 wameuawa tangu parki ianzishwe. Tarehe 24 Aprili 2020 peke yake, karibu na Rumangabo, walikufa 12, pamoja na dereva wao na raia wanne.

Hapohapo Rumangabo, mlinzi André Bauma alimlea kwa miaka mingi gorila yatima Ndakasi, aliyeokolewa mwaka 2007 mama yake alipopigwa risasi. Ndakasi alikufa mikononi mwa Bauma tarehe 26 Septemba 2021. Safari hii waandishi wa habari wa Ulaya na Marekani hawakutafuta mtaalamu wa kigeni wa kuwaeleza gorila yule alikuwa nani, walimnukuu Bauma.