Wazigua wa Gosha na Neno Tajnisi

Neno tajnisi halisikiki sokoni. Hulikuta katika sheria, na katika yale matangazo madogo ya magazetini yanayoujulisha umma kwamba fulani ameomba uraia na mwenye pingamizi ajitokeze. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi uleule uliotupa jinsi na jinsia: kumpa mtu tajnisi ni kumtia katika jinsi ambayo hapo kabla hakuwa yake. Nalo neno raia lina ukoo usiopendeza sana. Huko lilikotoka lilikuwa kundi lenye mchungaji, kisha likawa watu walio chini ya mtawala. Nayataja maneno haya kwa sababu wako watu walioomba tajnisi katika nchi ya mababu zao, hali lugha ya mababu hao ingali vinywani mwao.

Watu hao ni Wazigua wa Somalia. Katika karne ya 19, hasa wakati wa ukame na njaa ya miaka ya 1830, Wazigua wengi wa nyika ya Handeni na jirani zake waliuzwa pwani, wengine wakijitoa wenyewe ili wapate chakula. Majahazi yaliwapeleka kaskazini hadi Barawa na bandari nyingine za Banadiri, wakalimishwa mashamba ya bonde la Shebelle. Baada ya muda wakatoroka. Masimulizi yao humtaja mwanamke, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza kutoka utumwani hadi mto Juba. Huko, katika msitu ulioitwa Gosha, walijenga vijiji vyao, wakalima mahindi na ufuta, na wakaendelea kusema Kizigua.

Hapa mpenzi wa lugha hana budi kusimama kidogo. Kwa zaidi ya miaka 100, wakiwa wamezungukwa na Kisomali na lahaja zake, wakulima hawa hawakuacha lugha ambayo haikuwa na shule, kitabu wala redio. Wasomali waliwaita Mushunguli, jina ambalo wengi huliona kuwa ni Mzigula lililopita katika masikio ya kigeni. Sisi Waswahili nasi tumelipunguza kwa namna yetu: tumeiangusha L, tukapata Mzigua. Wenyewe wameihifadhi L yao.

Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, walikuwa raia wake kwa mujibu wa sheria. Kwa mujibu wa ukoo hawakuwa chochote, na katika nchi ile ukoo ndio uliokuwa ngao. Serikali ya Siad Barre ilipoanguka mwaka 1991, wenye silaha walivamia ghala za Gosha, kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafaka na hakukuwa na wa kulipiza kisasi. Walionusurika walikimbilia Kenya, wengi wao katika kambi za Dadaab. Baadhi hawakutaka kubaki hapo. Walisonga mbele hadi Tanga, kwa hoja moja tu: kwamba kule ndiko kwao.

Hoja hiyo haikuwa na hati. Ushahidi wao ulikuwa majina ya mbari, masimulizi ya wazee, na maneno ambayo mwenyeji wa Handeni aliyaelewa bila mkalimani. Walipewa makazi Mkuyu, kisha Chogo, zote katika Handeni, pamoja na mashamba ya kulima. Walikuwa watu wapatao 3,000.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inazo njia tatu: kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Mtu angedhani hawa ni warithi. La hasha. Urithi unaokubaliwa ni wa mzazi aliyekuwa raia, nao waliuzwa zaidi ya karne moja kabla Tanganyika haijawa dola. Ilibaki tajnisi, mlango wa mgeni, na masharti yake: miaka saba ya ukaazi katika kumi iliyotangulia, mwenendo mwema, kuukana uraia wa awali, na ujuzi wa Kiswahili au Kiingereza. Kizigua kilichowatambulisha kwa ndugu hakimo katika orodha hiyo. Siilaumu sheria kupita kiasi, kwani haikuandikwa kwa kuwafikiria wao. Na tangu miaka ya 2000 serikali iliwapokea na kuwapa wengi wao uraia, jambo ambalo nchi chache zingelifanya. Lakini nashindwa kulitamka neno tajnisi mbele ya Mzigula aliyezeekea Chogo bila kuona haya. Tungemwambia kwamba leo ndipo anapoingia katika jinsi yetu?

Waliobaki Kenya walipangiwa njia nyingine. Tanzania haikuweza kuwachukua wote, na kuanzia mwaka 2003 Marekani iliwapokea zaidi ya 10,000 kutoka jamii za Gosha, wakiwemo hao wasemao Kizigua. Boise, katika jimbo la Idaho, ni mmoja wa miji walikofikia. Huko mkaazi wa kudumu husubiri miaka mitano, kisha huulizwa maswali ya historia ya Marekani kwa Kiingereza, naye akifaulu hula kiapo. Hati anayopewa ina nafasi ya kutaja nchi ya uraia wake wa awali, na hapo huandikwa Somalia. Jioni, nyumbani, wazee bado huwaita wajukuu kwa Kizigua.