Ndege Iliyoelekeza Mabawa Mbele

Tarehe 8 Agosti 1944, katika uwanja wa Brandis karibu na Leipzig, rubani Siegfried Holzbaur alirusha ndege iliyoonekana kama imefungwa mabawa kinyumenyume. Ilikuwa Junkers Ju 287, ndege ya jeti ya kudondosha mabomu, na ncha za mabawa yake zilielekea puani badala ya mkiani.

Hazikuwa mbwembwe. Mhandisi Hans Wocke alihitaji mabawa ya mshazari, kwa sababu ndiyo yanayofaa kasi inapoukaribia mwendo wa sauti. Ila bawa lililolala nyuma lina ila yake: ndege ikienda polepole ili itue, hewa huacha kulibeba kuanzia nchani, pale pale penye vibawa ambavyo rubani huvitumia kuizuia isiegemee upande. Likielekezwa mbele, udhaifu huanzia shinani, na ncha hubaki mikononi mwa rubani.

Ili kulijaribu wazo hilo upesi, kampuni ya Junkers iliokoteza spea. Kiwiliwili kilitoka kwenye Heinkel He 177, mkia kwenye Ju 388, magurudumu makubwa kwenye Ju 352. Ya mbele yalichomolewa kwenye ndege za Marekani aina ya B-24 zilizotunguliwa. Adui naye alichangia, bila kuulizwa. Injini 4 za Jumo 004 hazikutosha kuinyanyua, ikabidi isukumwe na roketi.

Iliruka mara 17. Kwenye mwendo mdogo ilikuwa tulivu, kama Wocke alivyotarajia. Tatizo lilikuja na kasi: hewa ililipinda bawa, na kadiri lilivyopindika ndivyo hewa ilivyolishika na kulipinda zaidi. Dawa ilikuwa kulikaza, na kwa metali za enzi zile kukaza maana yake ni kuongeza uzito.

Vita havikungoja. Tangu Julai 1944, Ujerumani ilikuwa imeamua kutanguliza ndege za kulinda anga lake. Baada ya Ujerumani kushindwa, Wasovieti walimchukua Wocke na wenzake hadi Podberezye, na mrithi wa ndege hiyo, EF 131, akaruka mwaka 1947 na kuishia kwenye majaribio.

Wocke hakukata tamaa. Aliporejea Ujerumani alibuni HFB 320 Hansa Jet, ndege ndogo ya abiria iliyoruka mwaka 1964, mabawa yakielekea mbele vilevile. Safari hii mhimili wa bawa ulipita nyuma ya chumba cha abiria, wakakaa kwa nafasi. Zilizotengenezwa hazikufika 50.