Kumbukumbu za Wakimbizi wa Dadaab
Kambi ya Ifo ilipofunguliwa mwaka 1991 huko Dadaab, katika eneo la Garissa, na kufuatwa na Dagahaley na Hagadera mwaka 1992, mashirika ya misaada yaliwatambua wakimbizi kwa orodha za karatasi na kadi za mgao. Kufikia njaa ya mwaka 2011, iliyoongeza idadi ya wakazi hadi kupita 400,000, kumbukumbu zilikuwa zimehamia kwenye kompyuta, zikahitaji nakala rudufu, yaani nakala ya akiba inayorejesha data iliyopotea. Uondoaji wa marudio, mbinu ya kuhifadhi mara moja tu kila kipande cha data kinachojirudia, hupunguza gharama ya akiba hiyo. Na unafuu huo una uzito mkubwa, kwa kuwa kumbukumbu ya mkimbizi ikipotea, haki yake ya chakula na ulinzi huyumba.