Wenye Kivuko wa Malagarasi

Mto Malagarasi huanza katika vilima vya mpakani mwa Tanzania na Burundi. Huelekea kaskazini mashariki ukiwa sehemu ya mpaka kati ya nchi hizo mbili, kisha hugeukia kusini na kutawanyika katika mabwawa ya Moyowosi, na mwisho hurudi magharibi kupitia Uvinza hadi Ziwa Tanganyika. Urefu wake ni takribani kilomita 475. Mto huu umeizunguka nchi ya Kakonko, Kibondo na Kasulu, na katika karne ya 19 msafara uliotoka Tabora kwenda Ujiji haukuwa na namna ya kuukwepa. Mahali pakuu pa kuvukia palikuwa chini ya ukoo wa watemi wa Uvinza. Kazi yao ya kuvusha watu na mizigo ni miongoni mwa biashara za bandari za kale kabisa zilizoandikwa habari zake katika eneo la Kigoma.

Mtemi wa Uvinza alijulikana na wasafiri kwa jina la Mzogera. Jina hilo limo katika maandishi ya Richard Burton aliyepita mwaka 1858, na limo tena, likiandikwa Nzogera, katika yale ya Henry Morton Stanley wa mwaka 1871. Mtemi mwenyewe hakukaa mtoni kupokea nauli. Kivukoni aliweka mwakilishi, mutware, cheo ambacho Waha, watu wa nchi jirani ya Buha, nao walikitumia kwa watawala wadogo walio chini ya mwami, yaani mfalme wao. Stanley alipofika, aliyesimamia madai upande wa mashariki wa mto alikuwa Kiala, mtoto wa Nzogera. Kwa hiyo baba alikuwa na haki ya mto, mwana alipatana bei na wageni, na wavushaji walishika makasia.

Malipo yalikuwa ya ngazi mbili, na wageni wengi walichelewa kulitambua hilo. Ya kwanza ilikuwa hongo ya mtemi, yaani ruhusa ya kupita. Burton na mwenzake John Speke walipofika mtoni Februari 1858 walipatana kutoa nguo 40 za merikani na kaniki, vitindi sita vya waya na fundo 100 za ushanga mwekundu. Kwa kuwa fundo moja ilikuwa na kete kumi, hizo zilikuwa kete elfu moja, na kwa hesabu ya Burton jumla ya vyote ilikaribia pauni 50 za Uingereza za wakati huo. Ngazi ya pili ilikuwa ujira wa wavushaji wenyewe, uliodaiwa mbali na hongo na kujadiliwa upya mtoni, mizigo ikiwa tayari imeshushwa kutoka vichwani mwa wapagazi. Msafara uliokwisha kumlipa mtemi haukuweza kurudi nyuma, na wavushaji walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Chombo chenyewe kilikuwa duni. Mtumbwi wa Malagarasi ulitengenezwa kwa magome ya miombo: vipande viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa futi tano hadi saba, vikashonwa pamoja kwa nyuzi za gome hilohilo na kuchongoka ncha zote mbili. Ulichukua watu wachache, ulivuja, na mtu aliyekaa vibaya aliweza kuupindua. Punda hawakupanda. Walifungwa kamba na kuvutwa wakiogelea nyuma ya mtumbwi, na ndivyo Stanley alivyompoteza punda wake aliyeitwa Simba: mamba alimkamata kooni katikati ya mto, watu wakavuta kamba kwa nguvu zao zote, wasimwokoe.

Hapo ndipo ilipo siri ya biashara hii. Gome la mti halikuwa na thamani, na kijiji chochote cha Uvinza kingeweza kushona mtumbwi kama ule. Utajiri wa ukoo ulitokana na kuushika ukingo wa mto: kuamua nani ashuke majini, wapi na lini. Mfanyabiashara aliyedhani ananunua usafiri alikuwa kwa kweli ananunua ruhusa ya kufika ng'ambo. Wageni waliandika habari hizo kwa hasira, wakaziita unyang'anyi, ingawa kwao walikotoka walilipa ushuru wa bandari bila kunung'unika sana.

Tena nguo na ushanga vilivyolipwa Malagarasi vilikuwa vimekwisha kupita mikononi mwa familia nyingine ya bandarini kabla havijaondoka pwani. Forodha ya Unguja kuanzia miaka ya 1830 ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kachchh. Nyumba hiyo ilimpa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha ikakusanya ushuru wa asilimia 5 wa bidhaa zilizoingia, na ziada ikawa yake. Meneja wake Unguja katika siku za Burton alikuwa Ladha Damji, ambaye pia alikopesha misafara na kupeleka shehena bara. Mizigo ya msafiri David Livingstone iliyotumwa Ujiji ilipitia mikononi mwa Ladha. Tharia Topan aliichukua forodha mwaka 1876, na baada ya miaka michache ikarudi kwa nyumba ya Jairam. Kati ya Ladha pwani na Kiala mtoni kulikuwa na tofauti ya vitabu vya hesabu na mtaji. Haki waliyoishika ilikuwa ya namna moja.

Uvinza ulikuwa na sababu nyingine ya kushindaniwa, nayo ni chumvi. Chemchemi za maji ya chumvi karibu na makutano ya Malagarasi na Ruchugi zimechemshwa tangu karne ya 5 au ya 6, kwa ushahidi wa uchimbaji wa kiakiolojia wa miaka ya 1960. Chumvi hiyo ilipanda Buha, ikafika Burundi na nchi za kusini mwa ziwa. Wachukuzi wa chumvi walihitaji kuvuka mito kama msafara wa pembe za ndovu ulivyohitaji, ijapokuwa mizigo yao ilikuwa midogo na majina yao hayakuandikwa popote.

Aliyevuka mto hakuwa ameyamaliza madai. Buha ulikuwa umegawanyika katika himaya kadhaa, miongoni mwao Heru katika Kasulu ya leo, Muhambwe katika Kibondo na Buyungu upande wa Kakonko. Kila mwami alikuwa na watware wake, na kila mutware aliyekaa njiani aliweza kudai. Stanley alikutana na mmoja wao, Mionvu, aliyedai doti 100 na baada ya mabishano akapokea 75. Doti moja ilikuwa yadi nne, kwa hiyo zilikuwa yadi 300 za nguo kwa kituo kimoja. Kesho yake akatokea mwingine na madai yake, na Stanley akaambiwa kwamba mbele walikuwako watano zaidi. Akaamua kuiacha njia: akakodi kiongozi aliyezijua njia za msituni, akautoa msafara usiku na kupita porini hadi akatokea Ujiji. Huo ulikuwa ukwepaji wa ushuru, kwa jina lake halisi.

Mfumo huu haukuvunjwa na hasira za wasafiri. Vita vya mtemi Mirambo na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza mwaka 1871, vilizivuruga njia za biashara. Kisha Wajerumani walijenga kituo Ujiji mwaka 1896, na hongo za watemi zikageuka kosa mbele ya serikali mpya iliyotaka kodi ziingie kwake peke yake. Pigo la mwisho likawa reli ya kati, iliyofika Kigoma Februari 1914. Treni haikuhitaji mtumbwi wa gome wala mutware. Nyanda za juu za Buha nazo ziliachwa kando: reli ilipita kusini, na kwa miongo mingi Kakonko na Kibondo zilijulikana zaidi kwa vijana waliokwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge kuliko kwa bidhaa zao.

Meli iliyoletwa kwa reli hiyo ilikuwa kazi ya familia pia, ila ya mbali. Graf von Götzen ilijengwa mwaka 1913 Papenburg, Ujerumani, katika karakana ya Meyer, iliyoanzishwa mwaka 1795 na kurithishwa kizazi hadi kizazi. Ilifunguliwa vipande vipande, ikafungwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa Malagarasi ili isitekwe, mitambo ikiwa imepakwa grisi nene. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Karakana ya Meyer yenyewe iliepuka kufilisika mwaka 2024, baada ya serikali kuu ya Ujerumani na serikali ya jimbo kununua takribani asilimia 80 ya hisa zake.

Mkataba wa mwaka 1921 kati ya Uingereza na Ubelgiji unafanana ajabu na mapatano ya mutware, ingawa uliandikwa na wanasheria. Ubelgiji ilipewa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, yaliyojulikana kama Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka, ili mizigo ya Kongo na Ruanda-Urundi ipite bila kutozwa ushuru wa forodha Tanganyika. Ukingo ulikuwa umekabidhiwa tena kwa mwenye nguvu, safari hii kwa bei ya mzaha.

Meli za serikali hazikuwahi kufika kila mahali, na pengo hilo limezibwa na boti za mbao za watu binafsi. Katika mwalo wa Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma, boti zenye injini za kupachika hupakia saruji, unga, sabuni na abiria kwenda vijiji vya mwambao, Kongo na Burundi. Nyingi ni mali ya familia: mzee ana boti, mtoto ni nahodha, shemeji hukata tiketi na kuwalipa makuli. Mei 2015 makumi ya maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao walipokwama katika ufukwe wa Kagunga, Liemba ilitumika kuwahamishia Kigoma. Wengi waliishia katika kambi za nyanda za juu: Nyarugusu Kasulu, Nduta Kibondo, na Mtendeli wilayani Kakonko iliyofunguliwa mwaka uliofuata.

Kwenye barabara ya Tabora kwenda Kigoma mto sasa huvukwa kwa Daraja la Kikwete, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Gati la Kigoma liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania, na ushuru wa mialo hukusanywa na halmashauri. Familia zimebaki na vyombo, sehemu ya biashara ambayo wenye kivuko wa Malagarasi waliihesabu kuwa ya bei rahisi kuliko zote. Na katika Ziwa Tanganyika lenye mawimbi, ndiyo sehemu inayobeba hasara yote boti inapozama.