Ukumbi wa Nkrumah, nikiutazama kutoka Hayes

Waungwana, kila nikipanda basi SL8 (zamani 607) hapa Hayes hadi White City, nashukia karibu na lile jengo la duara la BBC, Television Centre. Walilichora Norman and Dawbarn, haohao waliotuchorea Mlimani, Dar es Salaam. BBC walihama 2013, sasa wanaishi watu humo, lakini umbo limebaki, maana mwaka 2009 lilishaorodheshwa kisheria.

Je, Ukumbi wetu wa Nkrumah? Juni 1974 Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika lilifanyika mle. Katibu mkuu wake, Courtland Cox, alitoka SNCC, wale vijana waliopigania kura ya weusi kusini mwa Marekani. Wakakaa pamoja na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Lakini Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863 tu. La zege lisubiri Waziri atangaze. Hata noti ya 500 yenye picha yake imeshaondolewa kwenye mzunguko! Mimi nilifanyia mitihani mle, na sitaki kuja kusikia eti "limeboreshwa" kwa vioo vya bluu. Tuliosoma Mlimani tumwandikie Waziri, mwaka huu.